Miezi Tisa Ufagio Ukiwa Nje

Wewe unayesoma haya ukiwa umeketi kwenye kiti ambacho nusu yake imejaa nguo, usizitoe kwanza. Kaa hivyo hivyo. Mimi nilikaa hivyo miezi tisa, na nguo zangu zilikuwa nyingi kuliko zako, hapo sitabishana na mtu. Zilianzia kitini, zikapanda ukutani, zikafunika dirisha, na kama ugonjwa ungenishika mwezi mmoja zaidi zingetoboa bati na kwenda kisiwani Idjwi zenyewe bila mtumbwi.

Naitwa Maman Ombeni. Ni fundi wa kushona pale sokoni Nyawera. Nina mume mmoja, mtoto mmoja na diplome moja, na vyote vitatu nilivipata kwa kuchelewa. Diplome ya Leta, cheti cha kumaliza sekondari, niliipata nikiwa na miaka arobaini na moja, kwa masomo ya jioni. Miaka minne nilifunga mashine saa kumi, nikapanda kilima na daftari kwapani, nikaketi benchi moja na vijana ambao nguo zao za ubatizo nilizishona mimi. Mume wangu Deo ni fundi wa mabomba katika mji ambao maji huja kama mgeni wa mbali, kwa hiyo naye alikuwa njiani kila siku. Aliyebaki nyumbani na binti yetu Ombeni, na sufuria, na ufagio, alikuwa mama yangu mzazi. Ombeni alimwita Koko, na sisi sote tukamwita hivyo.

Koko alifagia mara tatu kwa siku. Sisemi uongo, labda mara nne. Sakafu yetu ni ya sima, saruji nyekundu, na aliisugua mpaka kuku wa jirani waliona sura zao humo wakakimbia. "Kichwa ya mutu inalalaka mu nyumba yake," alikuwa akisema. "Nyumba ikilala mubaya, kichwa nayo inalala mubaya." Mimi niliyekuwa nasoma saikolojia ya mtoto jioni, nikiandika maneno ya Kifaransa marefu kama barabara ya Uvira, nilimcheka. Nilimwambia kichwa kinalala kwenye mto. Naye akaokota mto, akaukung'uta, akaurudisha.

Matokeo yalitoka kiangazi, mwezi wa nane, kwenye simu, na nilipoona neno la kufaulu nilipiga kelele iliyofika hadi mpaka wa Rwanda, na nadhani askari wa pale waliiandika. Kwetu mtu akifaulu anamwagiwa poda. Poda nyeupe ya watoto, kichwani, usoni, mabegani. Koko alichukua kopo zima. Alinimwagia mimi, akammwagia Deo, akamwagia viti, kisha akacheza sebuleni, katikati ya salon, akirusha iliyobaki mpaka nyuma ya kabati la vyombo, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, na miguu yake ikaacha alama kwenye weupe ule. Deo alipotafuta ufagio, Koko alimzuia. "Leo hapana kufagia. Leo tuache tuione."

Kesho yake alifagia katikati, lakini kabati lilikuwa zito, na poda ya nyuma yake ikabaki.

Wiki ya nne, mvua za kwanza za mwezi wa tisa zilipogonga bati, Koko alisema kifua kinamkaza. Siku mbili. Hata mfuko wa hospitali haukujaa, akawa ametutoka.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo hutaelewa upumbavu wangu. Katika ukoo wa mama yangu, mtu akifa nyumbani, ufagio unatolewa nje na kuegemezwa kando ya mlango. Hakuna anayefagia. Majani, majivu, maganda ya ndizi za waombolezaji, vyote vinabaki. Siku ya nne mkubwa wa upande wa marehemu anakuja, anashika ufagio, anafagia wa kwanza, watu wananyoa nywele, wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kilio kimekwisha. Mkubwa wa upande wa Koko alikuwa dada yake, Mama mukubwa Faida, anayeishi Kalehe. Wiki ile barabara ya Kalehe ilikuwa mbaya, si kwa matope tu, kwa bunduki pia, na boti hazikubeba watu. Siku ya nne ikapita. Ya nane ikapita. Waombolezaji wakarudi kwao. Ufagio ukabaki nje.

"Fagia tu," Deo aliniambia. "Mama mukubwa ataelewa."

"Mi ni mwana wa kwanza," nikamjibu. "Sitaharibu kilio ya mama yangu."

Nilisema hivyo kwa heshima. Lakini sasa nimepona, naweza kukiri: desturi ilinipa sababu ya kutosimama. Na nyuma ya kabati kulikuwa na poda aliyoirusha kwa mkono wake. Nani atafagia hiyo?

Ugonjwa haukuja kama malaria, na baridi na meno kugongana. Ulikuja kama mgeni anayesema anapita tu. Kwanza niliacha kwenda Nyawera, nikaomba mashine iletwe nyumbani, eti nitashonea hapa. Nguo za wateja zikaja na mashine. Zikalala juu ya meza. Juu yake zikaja zetu za kufuliwa, kisha zilizofuliwa, kisha sikujua tena ni zipi. Sahani zikapanda juu ya beseni mpaka mlima Kahuzi ukaona wivu. Nilikonda hadi kitenge kikanizunguka mara mbili na kubaki na mkia. Nywele zilitoka na kitana. Ulimi ulikuwa blanketi. Niliamka asubuhi nikiwa nimechoka kama niliyebeba magunia Nyawera usiku kucha, na kabla ya kufungua macho nilijua kilichoningoja: nguo, sahani, magunia ya vipande, vumbi. Kila kitu nilichokiangalia kilinitukana. Na kwa kuwa kila kitu kilinitukana, niliangalia dari.

Jambo ambalo nataka ulikumbuke kwa baadaye ni hili. Siku moja, mvua za mwezi wa kumi zikiendelea, mtu alipiga hodi. Nilichungulia kwenye ufa wa ubao, nikaona mwanamke mwenye beseni la sambaza kichwani. Alipiga hodi, akaita, akapiga tena. Nilifikiria salon yangu. Nilifikiria macho ya mtu yakiingia humo, yakitembea juu ya sahani. Nikachuchumaa nyuma ya gunia la vipande vya nguo, nikashikilia pumzi. Alipiga muda mrefu. Kisha akaenda, na mimi nikajiambia hata hivyo sikuhitaji samaki.

Baada ya Krismasi, mwalimu wa Ombeni alirudisha daftari. Kurasa tatu zilikuwa na mafuta, na maandishi yalikuwa yanapanda na kushuka kama njia za mtaa wetu. Ombeni alikuwa na miaka saba, darasa la pili, na alikuwa anaandika magotini, akiwa ameketi juu ya bidoni, dumu la maji, kwa sababu meza haikuonekana tena. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa ananifunika miguu kwanza, ndipo anaandika.

Dada yake Deo, Maman Chance, anayelima Mudaka, alikuja kutusalimu na kapu la viazi. Alisimama mlangoni. Alitazama ufagio uliokuwa nje, akatazama ndani. Yeye si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia na kupata nguvu.

"Wifi, sikukuja kukutukana," alisema. "Niambie tu. Mutoto anaandikia wapi?"

"Ku magoti."

"Na kula?"

"Ku magoti."

"Na weye ukilia, anaendaka wapi?"

Ombeni alijibu kwa niaba yangu: "Ninabakiaka naye, tantine."

Maman Chance aliweka kapu chini. Alisema polepole, kama anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Naenda naye Mudaka. Atasoma kule. Siku utapata fasi ya kuweka kayé yake ju ya meza, na mutoto akaingia asijikwae, utaniambia. Nitamurudisha mi mwenyewe, kwa mukono yangu. Mbele ile siku ifike, hapana."

Deo alitazama sakafu, ambayo haikuonekana, na hakukataa. Nilimfunga Ombeni utepe wa nywele. Mikono ilikuwa mizito hadi nikafunga vibaya. Akasema, "Iko muzuri, mama," na akaenda nao vile vile, umepinda upande mmoja, mpaka Mudaka.

Kwa hiyo sasa unajua nilichokuwa nakitaka duniani. Si kupona, sikujua kwamba ninaumwa. Nilitaka nafasi ya daftari moja.

Deo alinipeleka kituo cha afya wiki iliyofuata. Nilidhani tunakwenda kwa ajili ya kukonda. Benchi la chumba kile lilikuwa refu kuliko maungamo ya Pasaka, na wote tuliokaa pale tulitazama mlango mmoja ili tusitazamane, kwa maana watu wa mtaa wakikuona kwenye benchi hilo watasema kichwa chako kimeruka. Kando yangu alikuwa mzee mwenye koti la mvua, jua likiwaka.

"Uko wa ngapi?" aliniuliza.

"Wa tisa."

"Basi umepona kidogo. Mi wiki ya kwanza sikuweza kuhesabu mpaka tisa."

Nilicheka. Sauti ilitoka kama ya bawaba isiyotiwa mafuta, nikaishangaa. Ilikuwa miezi minne sijacheka.

Muuguzi aliyenipokea aliitwa Maman Béatrice, mama mnene mwenye kalamu mbili kwenye nywele.

"Unakulaka?"

"Nakulaka."

"Saa ngapi?"

"Saa nikikumbuka."

"Na unakumbukaka?"

Nikatazama dari. Akaandika.

"Ukifungua macho asubuhi, unaona nini?"

"Nguo."

"Na nyuma ya nguo?"

"Nguo zingine."

Aliweka kalamu chini. Aliniambia kwamba ninachoumwa ni ugonjwa, una jina, depresyo, na si uvivu wala laana; kwamba nitakunywa nusu kidonge kila asubuhi na nitarudi kila wiki mbili kuongea naye. Nilitegemea aniambie sasa nenda ukapange nyumba, kama walivyosema wote. Hakusema. "Mutu amebeba gunia ya mawe, hatumuambie akimbie," alisema. "Weye utatafuta ku meza fasi ya sahani moja. Sahani moja tu. Kesho yake uangalie kama ingali."

Nilidhani ananitania. Nimesoma, nina diplome, na mtu ananipa kazi ya nyumbani ya sahani moja. Nikarudi, nikasimama mbele ya meza, na naapa mbele yako, ilinichukua nusu ya siku. Niliondoa sketi ya mteja, nikapumzika. Niliondoa mkasi, nikapumzika. Chini kabisa nilikuta kifutio cha Ombeni, kimeng'atwa pembeni, nikalia kidogo. Kisha ikatokea mbao. Mbao yenyewe, kahawia, na mstari wa chaki yangu ya fundi. Niliipangusa kwa kiganja, nikaweka sahani nyeupe juu yake, nikaketi.

Sijui kama nitaweza kueleza. Nimeona ziwa letu likiwa kijani, likiwa bluu, likiwa kama bati jipya. Nimeona umeme wa mvua ukishuka juu ya Idjwi mara kumi kwa pumzi moja. Sikuwahi kutazama kitu kama nilivyotazama sahani ile. Pande zote fujo, na pale katikati duara moja ambalo halikunidai lolote. Mabega yangu yakashuka yenyewe. Sikujua kwamba yalikuwa juu. Nikavuta pumzi ikafika chini, mahali ambapo haikuwa imefika tangu mwezi wa tisa, na nikasikia njaa. Njaa, mimi. Nilikula kiazi kimoja kwenye sahani ile, kama mtu.

Jioni Deo aliingia na kikombe chake cha chai, akaenda mezani kwa mazoea, akaona. Alisimama. Kisha akainama akaweka kikombe chake sakafuni, asiguse nafasi ile. Tumefunga ndoa kanisani mbele ya padri na kwaya, lakini mimi nahesabu ndoa yangu kuanzia kikombe kile.

Vidonge havikufanya haraka. Kinywa kilikauka, nikalala mchana kama paka, na wiki tatu sikuona kitu. Ya nne nikagundua nasikia jogoo. Alikuwepo siku zote, nadhani. Nilianza kukumbuka kula. Sahani moja ikawa mbili, ikawa pembe ya meza, na kila kipande kilichofunguka kilifungua kitu humu ndani pia, kwa ukubwa ule ule, wala usiniulize ni kwa njia gani. Nilikuwa na alama nzuri kwenye saikolojia na bado sijui. Jirani yangu Maman Zawadi, aliyekuwa akiniwashia mbabula, jiko la makaa, kila asubuhi bila kuingia ndani, siku moja alichungulia akauliza, "Ile ni meza?" kama mtu aliyeona mamba.

Ningependa kukuambia hali yangu ilipanda tu. Mwezi wa nne mvua ilinyesha wiki nzima, ile mvua ambayo watu wa vilimani hawalali wakiisikiliza, na maji yakaingia kwa nyuma. Kila kitu kilichokuwa chini tulikipandisha mezani kwa dakika mbili: godoro, magunia, viatu. Asubuhi nilitazama mlima mpya juu ya meza yangu, nikarudi kitandani siku nne.

"Sahani ingali?" Maman Béatrice aliniuliza.

"Iko chini ya godoro."

"Basi tutaanza na kikombe."

Tukaanza na kikombe. Safari hii ilikuwa haraka, kama njia uliyokwisha kuipita. Mwezi wa tano ulipoisha meza yote ilikuwa mbao, na nguo za wateja zilikuwa zimekunjwa, nyingine zimeshonwa. Ingetosha daftari kumi. Lakini Maman Chance alisema asijikwae, na sakafu ilikuwa bado ya kilio. Maganda yaliyokauka, matope ya mwezi wa nne, majivu. Nilikuwa naketi kwenye meza safi, miguu ndani ya msiba.

Nilimweleza Maman Béatrice habari za ufagio, nikingoja acheke. Hakucheka. Alichomoa kalamu moja nyweleni.

"Na huyu mama mukubwa, mulimutafuta?"

Miezi minane nilikuwa nimemngoja, na sikuwa nimemtumia hata neno moja. Simu yangu ilizimika mwezi wa kumi, ikazama kwenye nguo, na mimi sikuitafuta. Siku ile ile Deo aliteremka bandarini, akampa mwenye boti ujumbe.

Mama mukubwa Faida alifika mwezi wa sita, kiangazi kimeanza, anga jeupe kwa vumbi. Mdogo wa mwili kama kikapu, miaka inakaribia themanini, alipanda kilima chetu bila kupumzika huku Deo aliyembebea maharagwe akihema nyuma. Alifika mlangoni, akasimama mbele ya ufagio. Mvua zilikuwa zimeula. Ulikuwa umebaki na njiti zisizofika ishirini, na buibui alikuwa amezaa humo ukoo mzima mpaka vitukuu.

"Nani aliweka hii fagio inje?"

"Ni sisi, mama. Tunakungojaka weye."

"Kunigoja mi? Ju ya nini?"

"Ufagie. Kilio ikwishe."

Alitafuta pa kukaa, akakaa kizingitini. Alinishika mkono.

"Mwanangu. Ile kilio nilimaliza. Siku ya ine niliona barabara haipitike, nikaita bazee, nikatosha fagio yangu inje kule Kalehe, nikafagia lupango, kiwanja yote, kwa jina ya mama yako. Tukanyoa, tukanywa. Ilikwisha mwezi wa tisa. Na boti zilipoanza tena, nilituma mutu akuambie ufagie."

"Mutu gani, mama?"

"Maman Sifa, ule anauzishaka sambaza. Alirudi akaniambia alipiga hodi mpaka mukono ikamuuma. Alisema, mu nyumba kulikuwa mutu. Alisema, nilimusikia anavyozuia pumzi."

Nilikaa chini kando yake. Fikiria. Mwisho wa kilio ulikuwa umepanda kilima kwa miguu, na beseni kichwani, ukagonga mlango wangu, nami nikajificha nyuma ya gunia ili usione sahani zangu. Nilianza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kile kingine, na kikarudi kikawa kicheko, na Mama mukubwa akaningoja kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Kungali kitu moja," nikamwambia. Nikamwonyesha nyuma ya kabati.

Deo alilisukuma. Poda ilikuwa pale, nyeupe, mstari mrefu kando ya ukuta, na ndani yake, sisemi kwa kutia chumvi, sasa hivi sitii chumvi, kulikuwa na alama ya vidole vitatu vya mguu. Mama mukubwa alichuchumaa.

"Dada yangu," alisema. "Hakujuaka kumwaga kidogo."

Alilamba kidole, akakigusisha kwenye poda, akanichora kwenye paji la uso. Akajichora na yeye. Kisha akamtuma Deo kwa Maman Zawadi kuazima ufagio mzima, na ulipofika hakuushika. Alinisukumia mimi. "Yangu nilifagia. Hii ni ya weye."

Nilifagia. Nilianzia pale pale, kwenye poda, maana nilijua nikiianza mwisho sitafika. Ilipanda kidogo hewani, ikashuka. Nilifagia kutoka ukutani hadi mlangoni, na uchafu uliotoka, sikiliza, ungetosha kujaza shimo la mmomonyoko lililokula nusu ya barabara yetu. Deo alishuka kwenye bomba la bondeni mara tano na bidoni. Mama mukubwa alikaa kizingitini akitoa amri kama koloneli. Na kwenye maji ya tatu sakafu ilifunguka. Nyekundu. Ile nyekundu ya Koko, haikuwa imekwenda popote, ilikuwa imelala chini ya msiba wangu muda wote, ikingoja. Nilipiga magoti nikaigusa. Nikaondoa gunia la mwisho dirishani, nikafuta kioo kwa shati kuukuu, na ziwa likaingia nyumbani. Lote. Na mtumbwi mmoja mdogo katikati yake, na mtu ndani anapiga kasia, na sikuweza kuamini kwamba siku zote zile alikuwa anapita pale, mbele ya nyumba yangu, bila mimi.

Tafadhali usiende kusema Maman Ombeni alipona kwa ufagio. Nilipona kwa vidonge, kwa benchi, kwa Maman Béatrice na kalamu zake, kwa mbabula ya Maman Zawadi, kwa kikombe sakafuni. Nusu kidonge ninakunywa hadi leo. Na usimwambie mtu anayeumwa kwamba apange nyumba kwanza. Mpe sahani, kisha ukae kimya. Lakini nyumba ilikuwa inaongea nami kila asubuhi kabla mtu yeyote hajaamka, na ilipobadilisha maneno nilisikia. Koko alijua. Mimi ilinipasa nipate diplome na nipoteze akili ndipo nijue. Hata nilizidisha baadaye: wiki mbili nilisugua mpaka Deo akaniuliza kama aingie na miguu au aiache nje. Maman Béatrice akasema niache, nyumba ni ya kukaliwa.

Mwezi wa saba, siku mbili baada ya matokeo ya shule kusomwa, Maman Chance, niliyekwisha kumtumia habari, alikuja kwa mkono wake kama alivyoahidi, na mwishoni mwa mkono huo alikuwa Ombeni, amerefuka, magoti meusi kwa udongo wa Mudaka. Walisimama mlangoni. Ufagio ulikuwa ndani, nyuma ya mlango. Ombeni alitazama sakafu, akavua viatu bila kuambiwa.

"Ingia navyo," nikasema.

Hakuingia navyo. Alitembea taratibu hadi mezani kama anayepita kanisani, akatoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka juu ya mbao. Akalisogeza kidogo upande huu. Akalisogeza upande ule. Pote palitosha.

"Nitaandikia hapa?"

"Hapo."

"Na weye utakaa wapi?"

"Hapa karibu. Nitashona."

Alinitazama usoni kwa muda, akikagua, kama nilivyozoea kumtazama mimi alipokuwa na homa. Kisha akachomoa bulletin yake katikati ya daftari. Amepanda darasa la tatu.

Nilifungua kabati. Nilikuwa nimelinunua wiki mbili kabla, kopo zima la poda. Maman Chance aliona mkono wangu, akasema, "Wifi, hapana, angalia vile sima inang'aa." Lakini nilikwisha kulifungua. Nilimmwagia Ombeni kichwani, nikammwagia Maman Chance kwa kusudi, nikamwagia meza na mashine, nikarusha iliyobaki hadi kwenye kona, na Ombeni akaanza kucheza, na miguu yake ikaacha alama nyeupe kwenye wekundu wa sakafu, ndogo, nyingi, pande zote.

Maman Chance alikuwa anajifuta macho, sijui kwa poda au kwa nini. "Sasa nani atafagia hii?"

"Kesho," nikasema. "Leo tuache tuione."

Na kesho yake asubuhi, jogoo akiwika, nilifagia.